Kuku wa Mtani

Nilimvunja mke wangu mkono, na sikumbuki nilivyouvunja.

Nakumbuka mwanzo wa siku ile. Tulikuwa kwenye kazi ya kualikana, tunamlimia jirani shamba lake pale Bigwa, na malipo ya kazi ya namna hiyo kwetu ni pombe. Nakumbuka mtungi wa kwanza. Nakumbuka na wa pili. Baada ya hapo nakumbuka asubuhi, nimelala kwenye majivu ya jikoni, na shemeji yangu Pazi amesimama juu yangu ameshika panga.

"Amka, Maneno," alisema. "Amka uone kazi yako."

Hidaya alikuwa amekaa mlangoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono hauna kiungo. Alikuwa halii. Wanangu wawili walikuwa nyuma yake, wameshika kaniki yake kwa nguvu.

"Nani amekufanya hivyo?" nikamuuliza.

Wallahi niliuliza. Pazi alinipiga usoni kwa ubapa wa panga, nikatema jino kwenye majivu.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na shamba nililokuwa nalima lilikuwa la ukoo wa mke wangu. Kaka wa mke hana haja ya kwenda bomani kushtaki. Pazi aliufunga mkono wa dada yake kwa vijiti na gome la mti, akawachukua yeye na watoto kuwapandisha kwa mama yao, mlimani, njia ya Matombo. Kabla ya kuondoka aliniambia maneno machache.

"Tunapanda vuli sasa. Mpaka tuvune, usiguse pombe. Siku ya mavuno uje na mtu wa kukushuhudia, na asiwe ndugu yako. Akisema hukunywa, na Hidaya mwenyewe akitaka, atarudi. Ukija unanuka pombe, hutashuka mlima kwa miguu yako."

Nilijua hatanii. Pazi hajui kutania.

Anayejua kutania alikuwa Mikidadi. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani toka kwa mababu. Mtani akikutukana, unacheka. Akikukamatia kuku uani mwako akamla, unacheka. Akikusukuma mtoni siku ya baridi, unacheka hivyo hivyo, kwa sababu siku utakayokufa ndiye atakayekuchimbia kaburi. Ukimkasirikia umeshindwa, na unatozwa kuku mbele ya watu. Ndiyo sheria, hakuna nyingine.

Mikidadi naye alikuwa mlevi. Mwaka mmoja nyuma alilala amelewa, moto ukatoka mafigani ukapanda kwenye majani ya paa, naye hakuamka. Mama yake alimvuta nje kwa miguu. Kijana alitoka mzima, bibi kizee aliungua nyayo mpaka mfupa, akawa wa kutambaa. Kila asubuhi Mikidadi alimbeba kwenda nje na kumrudisha, na kila jioni alikunywa ili asikumbuke asubuhi.

Alinikuta nimekaa peke yangu nyumbani, siku ya tatu, natetemeka kama mwenye homa.

"Nyani wewe," alisema. "Unakufa?"

"Nataka pombe, Mikidadi."

"Hata mimi nataka." Akakaa. "Sikiliza. Mtu mwingine akikunyang'anya kata mdomoni, utampiga. Ndugu yako atakuonea haya, mkeo atakuogopa. Lakini mimi ni mtani wako. Nikikupiga huna ruhusa ya kukasirika. Basi mimi nikikuona na pombe nikupige, na wewe ukiniona unipige."

"Tutauana."

"Tutazikana. Si ndiyo kazi yetu?"

Tulianza hivyo. Baadaye akaongezeka Yohana, mtu wa ukoo wangu, Mkristo aliyebatizwa Matombo. Yohana alikuwa amejikata vidole vitatu vya mguu kwa jembe akiwa amelewa, akaendelea kulima huku anaimba nyimbo za kanisani, mpaka mtu mmoja akaviona vidole kwenye tuta akauliza ni vya nani. Alikuja mwenyewe kwetu, anachechemea. "Nipigeni na mimi," alisema.

Asikudanganye mtu kwamba ilikuwa michezo. Wiki ya kwanza nilijificha nyuma ya migomba na kibuyu cha dengelua, pombe ya miwa. Mikidadi alikipiga kwa rungu kikiwa bado mdomoni, sijameza hata tone. Kilipasuka, kipande kikanichana shavu, damu na dengelua vikachanganyika kidevuni. Nilitaka kumla nyama. Yeye alisimama pale anacheka, "Kasirika! Kasirika, nina hamu ya kuku!" Nikacheka kwa meno niliyobaki nayo. Wiki ya pili mimi na Yohana tulimkuta Mikidadi kwa mama pombe, tukamburuta kwa miguu, kichwa kikigonga mizizi, mpaka mtoni. Tulimzamisha mara nne. Mara ya nne alipoibuka, alisema maji ya wajinga ni baridi.

Siku ambayo kijiji kizima kilikuwa na pombe iliyoiva tulifungana kamba. Mmoja, ambaye siku hiyo roho yake imetulia, aliwafunga wenzake kiunoni kwenye nguzo za nyumba yangu, akawapa togwa tamu ya siku ile ile, akakaa mlangoni na rungu. Tulilia. Tulitukanana matusi ambayo sitayaandika. Pombe ilipokwisha kijijini tulifunguliwa. Namna hiyo tulivuka miezi miwili na zaidi, na mahindi ya vuli yakaanza kukauka shambani.

Tulikuwa tunafanya kazi ya kuponda mawe ya reli. Treni ilikuwa imeshafika Morogoro, na Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wanaivuta kwenda Kilosa. Ikaja sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisa, mfalme wao. Nyapara akatangaza kwamba hakuna kazi, kila mtu aende uwanjani, kuna nyama na ngoma, na kuna pombe ya serikali. Asiyefika atafuatwa.

Zilikuwa zimebaki siku tano nipande kwa Pazi.

"Tujifunge tukae," alisema Yohana.

"Askari wakija wakukute umefungwa nguzoni, utawaambia unasali?" Mikidadi akamjibu. "Twendeni. Tule nyama. Kila mtu amwangalie mwenzake mdomo."

Uwanja ulikuwa umejaa. Askari walipita kwa safu, wazungu walikaa chini ya turubai, na mbele ya turubai kulikuwa na mapipa ya pombe ya mtama. Tulipangwa mstari, kundi baada ya kundi. Shaushi mmoja, mkubwa wa askari, mtu mrefu mwenye nishani kifuani, alichota kwa kata na kumnywesha kila mtu kwa mkono wake. Kila anayekunywa aseme "Kaisa aishi." Harufu ilinifikia nikiwa bado watu kumi nyuma.

Nikafika mbele.

"Bwana Shaushi, mimi situmii."

"Hutumii? Kwa nini?"

"Mimi Mwislamu."

Shaushi alicheka mpaka akafuta macho. "Na mimi nani? Padri?" Akanishika nyuma ya shingo, akaleta kata mdomoni. "Kunywa afya ya Kaisa."

Nitasema kweli. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Hakuufungua shaushi, niliufungua mimi, na ulimi ukatoka kama wa ndama.

Mikidadi alikuwa nyuma yangu. Yeye hakuona shaushi, wala nishani, wala Kaisa. Aliona kata kwenye mdomo wa mtani wake. Aliruka akapiga ngumi, kata likaruka, na pombe yote ikammwagikia shaushi usoni na kifuani.

"Nimekukamata, nyani wewe!" alipiga kelele, anacheka. "Siku tano tu zimekushinda?"

Ngoma zilikatika. Ndipo Mikidadi alipoinua macho.

Shaushi alimpiga kitako cha bunduki kwenye taya, akaanguka. Askari wawili walimpiga mateke ya mbavu pale pale chini. Mzungu mmoja chini ya turubai aliuliza kitu, akajibiwa, akainua mkono mmoja mara tano, vidole vyote vitano wazi, kisha akarudi kwenye chakula chake. Kila mtu alijua maana yake. Viboko ishirini na tano, ambavyo watu waliviita hamsa ishirini.

Walimlaza kifudifudi juu ya pipa tupu la pombe, wakamvua shuka. Askari mmoja alishika mikono, mwingine miguu. Shaushi alijifuta uso, akamuuliza, "Kwa nini umemwaga pombe ya Kaisa?"

"Sikumpiga Kaisa, Bwana Shaushi," Mikidadi alisema, damu inamtoka mdomoni. "Nimempiga huyu. Ni mtani wangu. Mtani akikupiga huruhusiwi kukasirika."

"Kumbe? Hukasiriki?" Shaushi alifikiri, akatabasamu, akanigeukia mimi na kunitia kiboko mkononi. Ni ngozi ya kiboko wa mtoni, imesokotwa, nzito kuliko unavyodhani. "Basi mpige wewe. Ukipiga kitoto, tunaanza upya. Ukikataa, unalala pipa la pili, na yeye anapigwa viboko hamsini na askari wangu."

Nilimtazama Mikidadi. Alikuwa amegeuza shavu, ananitazama kwa jicho moja.

"Piga, mtani," alisema. "Nikikasirika nitakupa kuku."

Nikapiga. "Hiyo ya kufukuza nzi," shaushi akasema. "Anza tena." Nikapiga. "Moja."

Watu wanaosimulia viboko husimulia kelele. Mimi nakumbuka sauti ya ngozi kwa ngozi, kama nguo mbichi ikipigwa kwenye jiwe. Ya nne iliacha mstari mweupe, kisha ukawa mwekundu. Ya saba ilipita juu ya ya nne na ngozi ikafunguka. Mikidadi alikuwa halii. Alikuwa anatania. "Mkono wa bibi huo," alisema. "Umekula nini jana, majani?" Watu wengine walicheka kwa woga. Nilijua anafanya hivyo kwa ajili yangu, ili nione ni utani, ili niweze kumaliza.

Ya kumi na tano ilipotoka, shaushi aliinua mkono. Alichota pombe kwenye kata jipya, akaja nayo mpaka puani kwangu.

"Umechoka. Kunywa hii, useme Kaisa aishi, na kumi zilizobaki namsamehe."

Nikasimama. Damu ilikuwa inadondoka kutoka kwenye ncha ya kiboko hadi kwenye mguu wangu. Nilimfikiria Hidaya. Nilifikiri viboko kumi ni nini, na kata moja ni nini, na nani atajua. Nikajua kwamba kata moja kwangu si moja. Ningejaza mdomo pale, askari wangekuja kuniondoa kwenye mapipa ya pombe kwa nguvu.

"Ukinywa," alisema Mikidadi, na sasa sauti yake haikuwa ya utani, "ukinywa, Maneno, nitakuua nikipona. Nitapigwa bure? Piga!"

"Sinywi," nikasema.

Shaushi aliinua mabega, akanywa mwenyewe.

Kumi na sita. Kumi na saba. Mikidadi alirudi kwenye utani wake, lakini sasa pumzi zilikuwa fupi. "Mvivu. Mkeo... alisema wewe mvivu." Kumi na tisa. "Umelala? Ndiyo maana... ulimpiga mwanamke. Mwanamume humwezi."

Hasira ikanipanda. Nasema hasira, si kitu kingine. Ilianzia tumboni ikaja begani, ya moto, na ilikuwa tamu. Ya ishirini niliipiga kwa mwili mzima. Na ya ishirini na moja. Nilitaka anyamaze. Nilitaka alie. Hakuna shaushi tena machoni mwangu, hakuna uwanja, kuna mgongo tu unaonidharau. Ya ishirini na tatu alilia, na mimi nikapiga mbili zilizobaki kwa furaha.

Kisha nikaona mkono wangu bado umeinuliwa, na shaushi ameushika. "Tosha," alikuwa anasema. "Tosha, wewe. Zimeisha." Hata yeye alinitazama vibaya.

Nilikuwa sijaonja tone.

Mimi na Yohana tulimbeba Mikidadi mpaka kwangu. Tulimwosha kwa maji ya chumvi, tukamfunika kwa majani mabichi ya mgomba ili nguo isigande. Siku mbili hakusema. Watu walileta pombe, wakasema apewe, inaua maumivu. Siku ya tatu aliinyoshea mkono. Yohana alimpiga kofi mkononi, akaimwaga nje, akarudi analia. "Kuku wangu yuko wapi?" Yohana akamuuliza. Mikidadi akacheka, na kucheka kukamuumiza, akazimia.

Siku ya tano alisema tunapanda mlima.

"Huwezi," nikamwambia.

"Shahidi ni mimi. Utamshuhudisha nani, Yohana? Si ndugu yako huyo?"

Alipanda kwa magongo mawili. Palipokuwa pakali tulimbeba kwenye machela ya miti. Tulifika jua likiwa limeinama. Kwa mama mkwe mahindi yalikuwa yamerundikwa uani, na Hidaya alikuwa ameyakalia anayapukuchua kwa mkono mmoja, mahindi ameyabana kwa magoti. Mkono wa kushoto ulikuwa umeunga vibaya. Haukunyooka tena.

"Shikamoo, shemeji," nikasema.

Pazi hakuitikia. Alikuja na panga lake, akaninusa mdomo kama anayenusa nyama. Akamgeukia Mikidadi, aliyekuwa amelala kifudifudi kwenye machela.

"Amekunywa?"

"Tangu vuli hajaonja," alisema Mikidadi. "Aliwekewa kata puani na serikali, akalikataa. Naapa kwa miguu ya mama yangu."

Pazi alishusha panga. Nilimwona analegea uso. "Basi," akasema. "Neno ni neno."

Hidaya hakuinuka. Alikuwa anatazama majani ya mgomba mgongoni kwa Mikidadi, na damu nyeusi iliyopita kando.

"Nani amempiga huyu?"

"Mimi," nikasema. Nikawaeleza: pombe, shaushi, pipa, kiboko.

Sijamaliza, mpini wa jembe ukanipata ubavuni. Ni Pazi. "Shahidi wako mwenyewe!" Akanipiga tena, begani, nikaenda chini juu ya mahindi. Mkono wangu ulikuwa umeshashika jiwe la kusagia kabla sijajua. Nililiona jiwe. Niliona na mkono, nikaufungua kidole kimoja kimoja.

"Mwache, kaka," Hidaya alisema. Akaja akasimama mbele yangu. "Ulipokuwa unampiga, ulikasirika?"

"Hakukasirika," Mikidadi alidakia kutoka kwenye machela. "Alilazimishwa. Angefanyaje? Mimi niliyepigwa ndiye najua. Hakukasirika hata kidogo."

Alikuwa anasema uongo kwa ajili yangu, na mwenye mgongo ule ndiye aliyekuwa anasema; nani angembishia? Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Wanangu walikuwa wametoka mlangoni. Mdogo alikuwa amerefuka.

"Nilikasirika," nikasema. "Kuanzia ya ishirini. Hakuna aliyenilazimisha zile za mwisho. Alikuwa ananitania, na mimi nikataka kumnyamazisha. Siku ya mkono wako siikumbuki, Hidaya. Hii naikumbuka yote. Nafikiri ni mkono ule ule."

Mikidadi alitukana kwa Kiluguru, polepole, akaficha uso.

"Ni ule ule," Hidaya alisema. "Mimi niliuona. Ulikuwa unacheka."

Akageuka, akaingia uani kwa nyuma. Nikasikia kuku wanapiga kelele. Akarudi ana jike la kuku jeusi kwapani, upande wa mkono mzima.

"Huyu ni wa kwako, nilimbeba siku ile nilipoondoka," aliniambia. Akamweka mikononi mwa Mikidadi. "Amekukasirikia. Haki yako hiyo."

"Shemeji..." Mikidadi alianza.

"Mchukue." Kisha akanitazama. "Pombe umeiacha, nimesikia. Sasa uache na hiyo nyingine. Tutapanda masika. Uje tukivuna. Mkiwa watatu hivi hivi, na huyu asije tena na uongo."

"Na watoto?"

"Uje tukivuna."

Tulishuka kesho yake. Mikidadi alikuwa kwenye machela, anamshika kuku miguu, na kuku alimnyea mara mbili njiani. Alipofika karibu na Bigwa akaanza kunena: ni mara ya kwanza kuona mtu aliyeshinda kesi akakataa, wajinga wa ukoo wetu wamejaa dunia, kuku huyu atakuwa na chumvi ya machozi. Tulipovuka mto, upepo ulileta ngoma na harufu. Kijiji kilikuwa na pombe ya mavuno.

Yohana hakuuliza. Tulipofika kwangu alitoa kamba, akaja kunizungusha kiunoni, kama siku zote, kwenye nguzo ile ile.

"Siyo kiuno leo," nikamwambia.

Nikampa mikono yote miwili.

"Kaza," alisema Mikidadi kutoka kwenye mkeka. "Kaza, Yohana. Mimi ni mtani wake, na bado nina mgongo mmoja tu."